Kukinga kwa Kuzuia na Kukinga kwa Kupokea: Historia ya Kinga ya Urithi katika Maradhi ya Ukimwi

Tangu zamani imejulikana ya kuwa maradhi yaingiapo katika mji hayawashiki watu wote kwa kipimo kimoja. Wako waangukao siku ya kwanza, wako wauguao wakapona, na wako wapitao katikati ya wagonjwa wasiguswe. Wazee waliyaeleza mambo hayo kwa majaliwa ya Mwenyezi Mungu, kwa fingo na hirizi, au kwa nguvu ya damu ya ukoo. Elimu ya siku hizi imelishika lile la mwisho, yaani damu ya ukoo, ikalichungua kwa vyombo vyake. Na ukimwi ni miongoni mwa maradhi yaliyochunguzwa sana kwa njia hiyo. Historia ya uchunguzi huo ni fupi, haijatimia nusu karne. Walakini ndani yake mna funzo kwa tabibu, kwa mwanahistoria, na kwa mtu wa lugha pia, kwa kuwa kulielewa jambo lenyewe kwategemea sana maana ya neno moja: kinga.

Jina la maradhi limefanyizwa kwa neno hilo. Kabla ya jina rasmi kuenea, watu walikuwa na majina yao wenyewe. Huko Uganda maradhi yaliitwa Slim, kwa jinsi yalivyowakondesha watu. Na katika mkoa wa Kagera, mahali walipotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa Tanzania mwaka wa 1983, yaliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa na wachuuzi wa mpakani. Baadaye likaundwa jina UKIMWI kwa kuunga vipande vya maneno. Wako walifumbuao jina hili kuwa ni Ukosefu wa Kinga Mwilini, na wako wasemao ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Tofauti si ndogo. Ukosefu ni kutokuwapo. Upungufu ni kuwapo kwa kiasi kisichotosha. Mwenye kuambukizwa huanza na kinga yake, nayo ikapungua mwaka baada ya mwaka, kwa wengine upesi na kwa wengine polepole. Kwa hiyo neno upungufu ndilo lililo karibu zaidi na kweli, kwa maana laacha nafasi ya kuuliza: mbona hupungua upesi kwa huyu na polepole kwa yule?

Kitenzi kukinga nacho chataka kuangaliwa. Mwenye ngao hukinga mshale. Mwenye mtungi hukinga maji ya mvua chini ya paa. Mwombaji hukinga mkono. Mti ulioanguka njiani husemwa kuwa umekingama. (Kinga cha moto, kile kijiti kiwakacho kilichomo katika methali isemayo kinga na kinga ndipo moto uwakapo, ni neno jingine, na wingi wake ni vinga.) Katika mifano yote hiyo asili ya maana ni moja, nayo ni kuweka kitu mahali ambapo kitu kingine kitapita. Lakini makusudi ni mawili: kuzuia kisipite, au kukipokea kisipotee. Mwenye ngao na mwenye mtungi hufanya tendo moja kwa nia mbili zilizo mbali. Historia ya kinga ya urithi katika ukimwi ni historia ya kuzigundua nia hizo mbili mwilini, moja baada ya nyingine, na ya kutambua kwamba hapana hata moja iliyo hirizi.

Katika vitabu vya utabibu habari za ukimwi huanza tarehe 5 Juni 1981, siku ilipochapwa huko Marekani taarifa ya wanaume watano wa Los Angeles walioshikwa na homa ya mapafu ya aina isiyowapata watu wenye afya. Mwaka wa 1983 Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao wa Institut Pasteur mjini Paris walivipata virusi vyenyewe. Na kwa kazi hiyo wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2008. Mwishoni mwa mwaka wa 1984 ilionyeshwa ya kuwa virusi hivyo huingia katika chembe nyeupe za damu kwa kushika protini iliyo juu ya ngozi ya chembe hizo, iitwayo CD4. Walakini mlango huo haukutosha. Chembe za panya zilipotiwa CD4 ya binadamu, virusi viligota mlangoni visiingie. Basi ikajulikana ya kuwa uko mlango wa pili. Nao haukuonekana kwa zaidi ya miaka kumi.

Dalili ilipatikana mwezi wa Desemba 1995, kikundi cha Robert Gallo na Paolo Lusso kilipotangaza kwamba kemikali tatu, ambazo mwili wenyewe huzitoa ili kuziita chembe za kinga mahali penye madhara, zina uwezo wa kuvizuia virusi. Wataalamu wakafahamu mara moja maana ya jambo hilo: ikiwa kemikali hizo zaweza kuziba njia, basi huenda mlango uzipokeao ndio mlango wa virusi. Mwezi wa Juni 1996 maabara kadhaa zilithibitisha, karibu kwa pamoja, kuwa ndivyo ilivyo. Mlango huo uliitwa CCR5.

Haikupita miezi mitatu. Kati ya Agosti na Septemba mwaka huo huo vikundi vitatu, viwili vya Marekani na kimoja cha Ubelgiji, vilitangaza kwamba wako watu waliozaliwa bila mlango huo. Katika jeni yao ya CCR5 zimekosekana herufi 32 za maandishi ya urithi, na kwa upungufu huo protini haitimii wala haifiki juu ya ngozi ya chembe. Kila mtu hupokea nakala mbili za jeni hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Katika uchunguzi ulioongozwa na Stephen O'Brien walipimwa watu 1,955 waliokuwa katika hatari ya kuambukizwa. Wenye nakala mbili zenye kasoro walikuwamo katika wale 612 wasioambukizwa; katika wale 1,343 walioambukizwa hakuonekana hata mmoja. Waliokuwa na nakala moja tu yenye kasoro waliambukizwa kama wengine, lakini maradhi yao yalikwenda polepole zaidi, kwa kadiri ya miaka miwili au zaidi.

Hapa yapasa kusimama kidogo, kwa kuwa mambo mawili yamekwisha kuonekana ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni wepesi wa kuambukizwa: je, virusi vitaingia au havitaingia? La pili ni mwendo wa maradhi: vikiisha kuingia, vitamwangusha mtu baada ya miaka mingapi? Urithi wa nakala mbili huligusa swali la kwanza. Urithi wa nakala moja huligusa la pili. Katika Kiswahili yote mawili huitwa kinga, na msikilizaji asiyeelezwa aweza kudhani kwamba mwenye mwendo wa polepole ni mtu asiyeambukizika. Kosa hilo si la kitaalamu tu, kwa maana laweza kumwua mtu.

Tena kasoro hiyo ya herufi 32 si mali ya watu wote. Katika watu wa asili ya Ulaya, hasa wa kaskazini, nakala moja kati ya kila kumi hivi ina kasoro hiyo, na kadiri ya mtu mmoja katika mia huwa nazo zote mbili. Kikundi cha Ubelgiji kilipochungua damu ya watu wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, na ya watu wa Japani, hakikuiona. Wala haikuletwa na ukimwi. Ilikuwako Ulaya tangu maelfu ya miaka kabla ya maradhi haya kujulikana. Hii ndiyo kinga ya kwanza, kinga ya ngao, au kwa usahihi zaidi kinga ya nyumba isiyo na mlango. Mwenye nayo hakupigana na adui. Adui alifika akakuta ukuta.

Hata ukuta huo una ufa. Tangu mwaka wa 1997 zilichapwa habari za watu wachache waliokuwa na nakala zote mbili zenye kasoro na walakini wakaambukizwa, kwa kuwa viko virusi vitumiavyo mlango mwingine, uitwao CXCR4. Pamoja na hayo, ugunduzi huo ulizaa matunda. Mwaka wa 2007 iliidhinishwa dawa ya maraviroc, ambayo kazi yake ni kuuziba mlango wa CCR5. Mwaka huo huo, mjini Berlin, Mmarekani Timothy Ray Brown, aliyekuwa na ukimwi pamoja na saratani ya damu, alipandikizwa uboho wa mtu mwenye nakala mbili zenye kasoro; akapandikizwa tena mwaka wa 2008. Tabibu wake, Gero Hütter, alichapa habari hiyo mwaka wa 2009. Virusi havikurudi mpaka Brown alipofariki mwaka wa 2020 kwa ile saratani. Na mwaka wa 2018 ulimwengu ulishtushwa na He Jiankui wa Uchina, aliyetangaza kuwa amezibadili jeni za CCR5 za watoto wachanga kabla ya kuzaliwa; alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu mwishoni mwa mwaka wa 2019. Hivyo kasoro iliyokaa kimya katika damu ya watu kwa maelfu ya miaka ikawa, kwa muda wa miaka 22 tu, dawa, tiba na jinai.

Kama historia ingekoma hapo, watu wa Afrika ya Mashariki wangekuwa wasikilizaji tu wa habari ya watu wengine. Walakini kinga ya pili ilikuwa imeanza kuonekana Nairobi kabla mlango wa CCR5 haujajulikana.

Majengo ni sehemu ya Pumwani, kitongoji cha Waafrika kilichowekwa na serikali ya kikoloni mjini Nairobi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Jina ni la Kiswahili, wingi wa jengo, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mitaa yake tangu mwanzo. Katika miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada vilikuwa vikishirikiana huko katika kutibu na kuchungua magonjwa ya zinaa kwa wanawake wafanyao biashara ya ngono. Ilipopatikana njia ya kupima damu, hali ilionekana kuwa ya kutisha. Katika taarifa iliyochapwa mwaka wa 1986, wanawake 66 katika kila 100 wa tabaka la chini waliopimwa Nairobi walikuwa wamekwisha ambukizwa. Frank Plummer wa Manitoba aliongoza uchunguzi. Na Elizabeth Ngugi, muuguzi ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwakusanya wanawake wenyewe, akawafundisha na kuwahimiza kutumia mipira ya kondomu. Pasipo kuaminiwa kwake hapangekuwa na damu ya kupima wala historia ya kuandika.

Kati ya mwaka wa 1985 na wa 1994 waliandikishwa wanawake 424 ambao walikuwa hawajaambukizwa. Katika muda huo 239 waliambukizwa. Mtu angetazamia kwamba kadiri mwanamke alivyokaa katika kazi ile ndivyo hatari ilivyomzidi. Hesabu zilionyesha kinyume: aliyepita miaka kadhaa bila kuambukizwa hatari yake ilipungua. Kwa hiyo, katika taarifa ya mwaka wa 1996, Keith Fowke, Plummer na wenzao walieleza kwamba limo kundi dogo la wanawake ambao bahati peke yake haitoshi kueleza usalama wao. Milango yao ya CCR5 ilipochunguzwa ilikuwa mizima, na chembe zao zikitiwa virusi katika chupa ya maabara ziliambukizwa kama za mtu yeyote. Basi hawakuwa na ukuta. Walikuwa na kitu kingine.

Ili kukifahamu kitu hicho yafaa kurudi nyuma. Mwaka wa 1958 Jean Dausset wa Paris aliona katika chembe nyeupe za damu alama ya kwanza kati ya zile zimtofautishazo mtu na mwenziwe. Alama hizo zilikuja kuitwa HLA, na jeni zake zimekaa katika kromosomu ya 6. Mwanzoni zilionekana kuwa ni kikwazo tu kwa wapasuaji watakao kuhamisha figo ya mtu mmoja kumpa mwingine. Kazi yake ya asili haikujulikana mpaka mwaka wa 1974, ambapo Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, wakifanya kazi na panya mjini Canberra, Australia, walieleza ya kuwa chembe ziuazo hazitambui virusi peke yake. Huvitambua vikiwa pamoja na alama ya mwili wenyewe. Mwaka wa 1987 Pamela Bjorkman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapa picha ya umbo la alama moja. Juu yake palikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji kipande kidogo cha protini kilichonaswa.

Picha hiyo ndiyo kukinga kwa maana ya pili. HLA haizuii kirusi kisiingie. Kirusi kikiisha kuingia katika chembe, protini zake hukatwa vipande, na HLA hukinga vipande hivyo katika mfereji wake kama vile mtungi ukingavyo maji, ikavipeleka juu ya ngozi ya chembe ili vionekane. Chembe ziuazo zipitapo huviona, zikaiua chembe iliyoambukizwa. Lakini kila aina ya HLA ina mfereji wa umbo lake, na kila mfereji hushika vipande vya aina yake. Aina hizo ni maelfu. Mtu hurithi mbili za kila jina, A na B na C, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Hivyo watu wawili wakipatwa na kirusi kile kile, mmoja aweza kukinga kipande chenye maana na mwenziwe akakinga kisicho na maana.

Katika ukimwi tofauti hiyo ilikwisha onekana dhahiri mwishoni mwa miaka ya 1990. Wenye HLA-B57 na HLA-B27 maradhi yao yalikwenda polepole. Wenye aina fulani za HLA-B35 yaliwakimbilia. Mary Carrington na wenzake walionyesha mwaka wa 1999 kwamba aliyerithi aina zile zile kwa baba na kwa mama huugua upesi kuliko aliyerithi aina mbalimbali; maana mwenye mitungi ya namna moja hukinga maji ya upande mmoja. Mwaka wa 2004 uchunguzi uliofanywa Durban, Afrika ya Kusini, ulionyesha kuwa kati ya majina yale matatu ni B hasa ishikayo hatamu. Na mwaka wa 2010 ushirika wa wataalamu wa nchi nyingi ulilinganisha watu 974 ambao miili yao huvishika virusi pasipo dawa, na watu 2,648 ambao maradhi yao yaliendelea. Katika urithi wote wa binadamu, tofauti kubwa zilikutwa mahali pamoja tu, yaani penye jeni za HLA. Na nyingi zilikuwa katika kuta za mfereji wenyewe.

Sababu ya HLA-B57 kufaa kuliko nyingine inaeleweka. Hukinga vipande vya protini ijengayo ganda la ndani la kirusi. Kirusi chaweza kubadili sura ya kipande hicho ili kisionekane, na mara nyingi hufanya hivyo. Lakini kwa kukibadili hulidhoofisha ganda lake chenyewe. Ni kama mwizi avuaye viatu ili asisikike, akashindwa kukimbia penye miiba. Mwaka wa 2004 ilielezwa kwamba kirusi kilichojibadili hivyo kikihamia kwa mtu asiye na B57 huirudia sura yake ya kwanza, kwa kuwa hakina tena haja ya kujificha.

Kinga hii ya pili si ya bara moja. Wazungu wenye B57 aghalabu huwa na ile iandikwayo B*57:01, na Waafrika huwa na B*57:03 pamoja na jamaa yake B*58:01, nazo hufanya kazi moja. Katika Majengo kwenyewe, Kelly MacDonald na wenzake walieleza mwaka wa 2000 kwamba jamii fulani ya HLA, ile ya A2 na A*68:02, ilikuwamo zaidi kwa wanawake wasioambukizwa. Miaka miwili kabla, Sarah Rowland-Jones wa Oxford na wenzake walikuwa wamekuta katika damu ya baadhi ya wanawake hao chembe ziuazo zilizokwisha kuvifahamu vipande vya virusi, ijapokuwa virusi vyenyewe havikuwamo. Maana yake ni kwamba miili yao ilikutana na virusi mara nyingi, ikajifunza. Hawakuwa watu ambao adui hakuwafikia. Walikuwa watu waliofikiwa kila siku.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lenye uzito kuliko yote katika historia hii. Mwaka wa 2001 Rupert Kaul na wenzake walichapa habari ya wanawake wa kundi hilo hilo ambao, baada ya miaka ya usalama, waliambukizwa. Wachunguzi walipotafuta sababu hawakuona kwamba hatari ilikuwa imezidi. Waliona kwamba hatari ilikuwa imepungua: wengi wao walikuwa wamepunguza kazi ile katika mwaka uliotangulia. Ilionekana ya kuwa kinga yao iliendelea kuwapo kwa kukutana na virusi bila kukoma, na pumziko lilipokuja chembe zao zilisahau. Mwanamke aliyeambiwa na dunia kuwa hashikiki alishikwa alipojaribu kuyaacha maisha yaliyomhatarisha. Kinga yake haikuwa mali iliyowekwa sandukuni; ilikuwa kazi, na kazi ikiachwa huharibika.

Yako mambo mengine yaonyeshayo kuwa urithi haukuletwa ili kutufaa wala kutudhuru. Ile B*57:01 impayo Mzungu mwendo wa polepole ndiyo hiyo hiyo iliyogunduliwa mwaka wa 2002 kuwa sababu ya madhara makali, hata kifo, kwa baadhi ya watumiao dawa ya abacavir, nayo ni dawa ya ukimwi. B27 imejulikana tangu mwaka wa 1973 kuwa hufuatana na ugonjwa wa kukakamaa kwa uti wa mgongo. Wala virusi navyo havikulala. Mwaka wa 2014 walilinganishwa watu wa Botswana na wa Afrika ya Kusini. Botswana, ambako ukimwi ulitangulia kuenea sana, B57 na B*58:01 hazikuonekana tena kuwafaa wenye nazo, kwa sababu virusi vya huko vilikwisha zizoea. Faida ya urithi huliwa na wakati.

Kipimo chake nacho chajulikana kwa kiasi. Mwaka wa 2015 Paul McLaren na wenzake walikadiria kwamba urithi waeleza kama robo ya tofauti zilizopo kati ya mtu na mtu katika wingi wa virusi damuni. Kazi hiyo ilihusu zaidi watu wa asili ya Ulaya. Mwaka wa 2023 McLaren na wenzake walichapa uchunguzi wa watu karibu 4,000 wa asili ya Afrika, wakakuta katika kromosomu ya 1 jeni iitwayo CHD1L ambayo haikupata kutajwa katika habari hii. Kwa muda wa miaka zaidi ya 25 haikuonekana, kwa kuwa aliyekuwa akitazamwa hakuwa yeye mwenye nayo. Basi hata orodha ya aina zijulikanazo ni orodha ya watu waliochunguzwa, si ya watu wote.

Katika mazungumzo ya watu hutokea kusemwa, juu ya mtu aliyekaa na mwenzi aliyeambukizwa naye asiambukizwe, kwamba ana damu nzito, au kwamba damu ya kundi lake haishiki. Msemo huo una sehemu ya kweli, maana urithi wa kinga upo na umethibitishwa. Walakini hutumika vibaya mara mbili. Kwanza, humfanya mtu ajidhanie kuwa ana ngao, ilhali kinga ya ngao iliyo maarufu karibu haipo kabisa katika Waafrika. Pili, huficha sababu zilizo karibu zaidi. Mwaka wa 2011 uchunguzi wa ndoa na uchumba 1,763, ambamo mmoja ameambukizwa na mwenziwe hakuambukizwa, ulionyesha kwamba aliyeambukizwa akianza dawa mapema hatari ya kumwambukiza mwenziwe hupungua kwa 96 katika 100. Hakuna urithi wowote ujulikanao ufanyao kazi hiyo kwa watu wengi namna hiyo. Na tangu mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lashauri kila aliyeambukizwa apewe dawa, pasipo kungoja kinga yake ipungue. Wala haliulizi ana HLA gani.

Kwa watu wa lugha, wenye kazi ya kuandika kamusi, kufasiri vitabu vya afya na kuwatayarishia walimu maneno, funzo ni wazi. Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kuyaeleza mambo haya. Pengine kina neno lifaalo kuliko ya lugha nyingine, kwa kuwa kukinga kwaweza kubeba ngao na mtungi pamoja. Ila yapasa mwandishi aseme kila mara ni kukinga kupi: kuzuia virusi visiingie, au kuvikamata vikiisha kuingia. Tena aseme ni jambo gani ligeuzwalo na urithi: wepesi wa kuambukizwa, au mwendo wa maradhi. Anayeandika tu ya kwamba baadhi ya watu wana kinga ya ukimwi amesema maneno sahihi ya Kiswahili, na huenda amempeleka msomaji wake kaburini.

Elimu hii yote, kutoka Paris hata Durban, ilitegemea watu waliokubali kutoa damu yao mara kwa mara. Wanawake wa Majengo waliitoa kwa miaka mingi, wengi wao wakaambukizwa na wengi wakafa kabla dawa haijawafikia. Waliobaki salama hawakuacha hirizi ya kurithiwa na mtu. Waliacha maarifa, na hayo ndiyo urithi ambao kila mtu aweza kuupokea bila kuuliza alizaliwa na nani.